Mgeni Rasmi Kutoka Kakuma

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo Chumvi ametimiza miaka mitatu tangu aingie nyumbani kwangu. Miaka mitatu! Nimemvika tai nyekundu niliyoshona kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule. Nimemwekea samaki mkavu wa Kalokol, tena kwenye sahani ya wageni. Nikapiga picha, nikachagua ile ambayo hakuwa amefumba macho, nikaituma kwenye grupu.

Grupu letu — Nyau Turkana. Nasema letu, lakini mimi na Apua ndio tulioanzisha, ule mwaka wa nge wengi, tulipoona kwamba nyumba zenye paka hapa Lodwar hazikuwa na nge. Sherehe za siku ya kuingia pia ni wazo langu. Nani anajua paka wake alizaliwa lini? Hakuna. Lakini siku aliyojileta mlangoni, akaingia na hakutoka tena, hiyo kila mtu anaikumbuka. Basi siku hiyo tunatuma picha, tunatuma sauti za pongezi, na walio karibu wanakuja kunywa chai.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Apua alituma moyo. Mzee Asekon wa Namoruputh akatuma picha ya anga, kwa bahati mbaya, kama kawaida yake. Kijana mmoja wa Kapedo akatuma mioyo mingi, ila huyo hata ukitangaza msiba atakupa moyo.

Kisha yule mwanamke wa Kakuma akatuma sauti. Adhar. Msudani Kusini, anauza chai kambini, kambi ya wakimbizi. Apua ni mwalimu, walikutana kwenye semina huko mwezi wa tatu, akamwingiza kwenye grupu bila hata kuniuliza. Akasema eti dada Namuria, hongera ya Chumvi, mimi sina zawadi, nataka imba tu. Nikadhani atamwimbia Chumvi. Akamwimbia Majok! Paka wake! Siku ya paka wangu!

Na wimbo wenyewe — sikuelewa hata neno moja, lakini nilisimamisha cherehani nikabaki mguu hewani mpaka ukaisha.

Tangu hapo hakuna aliyemtaja Chumvi tena. Majok, Majok, Majok. Na mume wangu Lopeyok, anayefundisha Kaikor, ambaye kila Jumapili ananiambia network huko ni taabu — amempa Majok moyo. Network ya kunipigia mimi hakuna. Ya moyo ipo!

Nimemvua Chumvi tai.

Jumanne, 6 Mei

Adhar ameueleza wimbo. Majok lilikuwa jina la dume la ng'ombe la kaka yake, lenye madoa meusi na meupe. Kwao kijana humwimbia dume lake, na watu humwita kijana kwa jina la dume. Walipokimbia vita dume lilibaki nyuma. Kaka naye alibaki nyuma. Miaka ikapita, paka akaingia nyumbani kwa Adhar kambini, mweusi na mweupe vilevile, akampa jina na wimbo pamoja.

Grupu zima limelia. Wazee wa kwetu wameamka! Maana sisi Waturkana nasi ni hivyohivyo. Mzee Asekon, mtu wa picha za anga, ametuma sauti ya wimbo wa dume lake la ujanani. Nusu wimbo, nusu kikohozi. Mwingine wa Kaikor akajibu na wake. Grupu la paka limegeuka zizi.

Baba yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita kwa jina la dume lake hadi tunamzika. Mimi ndiye niliyepaswa kulikumbuka jambo hili na kulileta kwenye grupu. Mimi! Sasa tumekumbushwa na muuza chai wa Kakuma.

Hata huzuni yake ni nzuri kuliko yangu. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ninavyohisi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaribu kumtungia Chumvi wimbo.

Chumvi, ee Chumvi, mweupe wa chumvi —

Hapo nikakwama. Chumvi mwenyewe alitoka nje kabla sijamaliza. Sitatuma.

Jumamosi, 10 Mei

Kila mwaka tunafanya sherehe moja kubwa, ya paka wote. Anachaguliwa paka mmoja kuwa mgeni rasmi. Anawekewa kiti na mto, anavishwa, anapigwa picha na kila mtu. Mwaka wa kwanza alikuwa Chumvi. Mwaka wa pili Chumvi. Hakuna aliyelalamika.

Mwaka huu Apua ameweka kura. Kura! Eti tuwe na demokrasia.

Chumvi amepigiwa na mimi, na laini yangu ya pili, na yule kijana wa Kapedo aliyewapigia wote. Waliobaki — Majok. Apua pia, Majok! Rafiki yangu wa toka darasa la kwanza, tuliyekula naye ugali wa sahani moja. Lopeyok hakupiga kabisa. Ameniandikia kwamba hakutaka kuingilia. Nimemjibu "sawa" na nukta.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimeandika kwenye grupu, kwa upole kabisa, kwamba sherehe ni Jumamosi tarehe ishirini na nne, nyumbani kwangu Lodwar kama kawaida. Nikaweka na ua.

Apua akapiga simu papo hapo. Akasema kwa nini tusiende Kakuma mwaka huu, lori la Ekuru lipo, wengi wako tayari. Nikasema utaratibu ni utaratibu. Akasema lakini Adhar hawezi kutoka kambini bila pasi, na pasi aliyoomba ni ya kwenda Kitale siku ya wazazi, kumwona msichana wake shuleni, na ameingoja muda mrefu. Hawezi kuomba nyingine ya paka. Nikasema pole yake.

Kisha akasema, "Namuria, wewe unajua hiyo yote. Ndiyo maana unataka hapa."

Nikamwambia mteja amefika. Hapakuwa na mteja.

Ndiyo, nilijua. Na nililala vizuri.

Jumatano, 14 Mei

Ekuru! Nani alimuuliza?

Ekuru ndiye dereva wa lori la soda, Lodwar–Kakuma kila wiki, mwenye paka wa jicho moja. Huwa haandiki kitu. Leo ametuma sauti, injini inanguruma nyuma: "Mimi naona hivi. Hiyo mama haiwezi kuja, sawa. Lakini paka haulizwi pasi pale kwa kizuizi cha polisi. Mimi nitabeba yeye."

Vicheko, makofi, stika za mbuzi anayecheza. Kisha swali: atalala wapi? Na wote kwa pamoja: kwa mwanzilishi! Kwa mama Chumvi! Kwa hiyo huyo aliyemnyang'anya paka wangu kiti atakuja kulala kwenye mkeka wangu.

Nimeandika: "Karibu sana." Na ua lingine.

Alhamisi, 22 Mei

Amefika. Ndani ya kreti ya soda, amefunikwa kitenge, kwenye kiti cha mbele kama afisa. Ekuru anasema njia nzima alikuwa kimya, isipokuwa kizuizini alipolia mara moja na askari akasema mpitishe mheshimiwa.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ana kichwa kikubwa, sikio moja lina pengo, na doa jeusi puani utadhani alinusa masizi. Si mzuri! Chumvi ni mzuri kuliko yeye mara kumi. Niliposema hivyo kwa sauti, akanitazama, akaenda chini ya cherehani akajikunja.

Adhar ametuma sauti nyingi mno. Dada, yeye hali kama mtu anamwangalia, wewe geuza uso. Dada, maji yake isiwe ya moto. Dada, shukran, yani mimi sijui nitasema nini. Nimejibu kwa kidole gumba.

Ijumaa, 23 Mei

Hakula jana, hakula leo asubuhi. Niligeuza uso hadi shingo ikauma. Nikaingiwa na hofu — afe kwangu, watasema nimemuua! Nikaona nimpigie ule wimbo wa Adhar kwenye simu. Akatoka chini ya cherehani. Akaketi mbele ya simu, akasikiliza hadi mwisho.

Lakini si yeye tu. Chumvi naye alikuja! Chumvi ambaye nikimwita haji, nikimwimbia anatoka. Alikuja mbio, akalala kando ya simu, akafumba macho. Kwa sauti ya mwanamke yule! Nilizima.

Kisha jambo likatokea. Simu ilipozimwa, Chumvi aliondoka. Majok alibaki. Akanitazama, akapanda mapajani, akasukuma kile kichwa chake kikubwa kwapani mwangu, akaanza kunguruma. Nilikaa hivyo bila kushona chochote. Mteja alikuja kuulizia sketi, nikamwonyesha kwa macho kwamba siwezi kuinuka.

Baadaye alikula samaki. Sikugeuza uso, na alikula.

Jumamosi, 24 Mei

Sherehe. Uwanja ulijaa. Paka wengine kwenye vikapu, wengine kwenye maboksi ya viatu, wengine picha tu kwenye simu za wenyewe. Mzee Asekon alikuja kutoka Namoruputh bila paka, anasema wake alikataa kusafiri, lakini yeye hakutaka kukosa. Chai, mandazi, samaki kwa wageni wa miguu minne.

Majok kwenye kiti, na tai ya buluu. Niliishona mimi. Ningefanyaje?

Apua akampigia Adhar vidio, akaishika simu juu ili wote waone. Adhar alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nyuma yake majirani wamejaa, watoto, akina mama, wote wanapunga mikono. Akaimba. Wa huko wakaitikia, wa hapa wakaitikia, Mzee Asekon akainua mikono yote miwili juu mfano wa pembe na akaanza kuruka, na miguu yake ile mibovu! Watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja. Nami nilisimama karibu na jiko na roho ikaniuma, ikaniuma. Sherehe yangu. Uwanja wangu. Na mwenye sherehe yuko Kakuma!

Halafu Majok akashuka kitini. Katikati ya wimbo. Akapita kati ya miguu ya watu wote, hakumtazama mtu, hakuitazama simu. Akaja kwangu. Akapanda hadi begani.

"Ai! Majok amechagua!" Apua akapiga kelele. Watu wakashangilia. Na nikamwona Adhar kwenye simu: akacheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Labda ni network. Sidhani ni network.

Naandika ukweli: sijafurahi hivi siku nyingi.

Jumatatu, 26 Mei

Ekuru alikuja na kreti yake mapema. "Ejok, mama," akanisalimu Kiturkana. "Wapi mheshimiwa?"

Na mdomo wangu ukasema wenyewe: anatapika. Toka jana. Hawezi kusafiri kwenye joto hili.

Majok alikuwa chumbani, mlango nimefunga. Ekuru akasema pole, basi wiki ijayo. Akaenda. Nikafungua mlango. Alikuwa amelala juu ya kitambaa cha mteja, mzima kabisa, tumbo juu.

Siku chache tu. Adhar ana grupu zima, ana wimbo, ana msichana shuleni, ana majirani wa kujaa nyuma ya simu. Mimi nina mume wa Kaikor. Siku chache tu.

Jumatano, 28 Mei

Grupu linaombea Majok. Asubuhi maombi, mchana maombi. Mama mmoja wa Kapedo ametuma zaburi nzima, anaisoma mwenyewe. Mzee Asekon amesema kuna mizizi fulani, yuko tayari kuileta kwa miguu.

Mwezi wa pili nilipolala na malaria, nikashindwa hata kunywa maji, nilitumiwa stika. Stika moja! Ya dubu!

Hata kwa maombi nina wivu. Maombi ya ugonjwa ambao haupo.

Wanataka picha. Basi nikangoja saa saba mchana, alipokuwa amejinyoosha sakafuni, mdomo wazi kidogo. Kwa joto la Lodwar saa saba kila paka anafanana na maiti. Nikaituma. Watu wakalia upya.

Ijumaa, 30 Mei

Apua amesema kesho analeta daktari wa mifugo, anamfahamu. Nikamwambia daktari ameshakuja. Amempa dawa. Amesema asisafiri, asisumbuliwe, asione wageni. "Hata mimi?" akauliza. Hata wewe, nikasema. Huo ni uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Sauti za Adhar sasa ni fupi. Haimbi. Dada, anapumua vizuri? Dada, macho yake iko wazi? Leo alitaka nimwekee simu sikioni mwa Majok aseme naye kidogo. Nikamwambia amelala.

Hakuwa amelala. Alikuwa ananitazama.

Jumapili, 1 Juni

Lopeyok amepiga! Tumezungumza mpaka sikio likapata joto. Nilikuwa nimeanza kupoa moyo, nikafikiri amenikumbuka, kumbe maswali yote ni Majok anaendeleaje, amekula nini, mwambie Adhar nampa pole. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema wewe una nini? Nikakata.

Majok ameiba samaki mezani, amekamata mjusi, amepanda dirishani akashuka. Ananenepa. Tumbo linaanza kuning'inia. Chumvi hanitazami tena siku hizi, anakula na kutoka.

Jumanne, 3 Juni

Ekuru alipita bila kusema anakuja. Majok alikuwa juu ya ukuta wa uwanja, anajilamba.

Ekuru alimtazama. Akanitazama. "Hii ndiyo mgonjwa?"

Nikasema leo amepata nafuu kidogo.

"Nafuu ya kupanda ukuta," akasema. Hakucheka. Alikunywa maji niliyompa, akarudisha kikombe. Kisha akasema pasi ya Adhar imetoka, ya Kitale, kwa siku chache tu. Siku ya wazazi ni Jumamosi. Msichana hajamwona mama yake tangu mwaka uanze. Lakini Adhar amesema atashukia hapa Lodwar kwanza, akae na Majok mpaka apone. Siku za pasi zikiisha akiwa hapa, basi, atarudi Kakuma. Ameshamwambia hata msichana asimngoje.

Nikamwambia Ekuru, si unaweza kumwambia asishuke? Akasema, "Niambie yeye nini? Mimi ni dereva tu, mama. Mimi nimeona paka juu ya ukuta. Wewe ndiye unajua mgonjwa ni nani."

Sijashona kitu tangu alipoondoka.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeandika ujumbe kwa Adhar mara nyingi na kufuta. Ule mfupi zaidi: "Usishuke." Asingeelewa, angedhani Majok amekufa.

Apua amepanga watu wa Lodwar waje kumpokea kesho stendi, wamlete hapa wote pamoja, na wamwombee Majok uwanjani kwangu. Wote! Nitamlaza wapi, nitamfanyaje aonekane mgonjwa? Kwa dakika moja nilifikiria kumnyima chakula siku nzima. Nikamwekea samaki mara mbili, kwa kujiadhibu.

Ijumaa, 6 Juni

Saa nne na nusu asubuhi simu ikaita. Adhar, kutoka kituo cha mafuta hapahapa Lodwar. Kelele za gari, watu wanapakia mizigo. Apua na wenzake walikuwa bado njiani kwenda kumpokea.

"Dada Namuria. Gari imesimama kidogo tu. Dereva anasema mtu wa Kitale arudi ndani, mtu wa Lodwar atoe mzigo. Mimi nimeshika mzigo mkononi. Niambie ukweli kabisa, mimi si mtoto. Majok iko namna gani? Nishuke ama niende?"

Majok alikuwa mbele yangu, anacheza na kipande cha uzi.

Nikasema: "Amepona."

Nikasema tena, kwa nguvu: Amepona, Adhar! Toka usiku. Amekula, anacheza, namwona hapa. Nenda kwa mtoto. Nenda!

Akalia. Kwa sauti, pale kwenye mafuta, mbele ya watu. Akasema shukran, akasema Mungu, akasema maneno ya kwao. Nikamsikia dereva anamwita. Akapanda.

Nimeketi na simu mkononi. Je, nimefanya wema? Msichana atamwona mama yake, hilo ni la kweli. Na hakuna atakayejua nilichofanya, hilo pia ni la kweli. Siwezi kusema lipi lilitangulia kunijia.

Apua amenipigia kutoka stendi, amekasirika kwamba amekosa kumwona rafiki yake. Kisha akasikia habari, akapiga vigelegele hadi nikaweka simu mbali na sikio.

Jumamosi, 7 Juni

Nilidhani yameisha.

Asubuhi niliamka nikakuta grupu linawaka. Majok amepona! Picha, nyimbo, stika za mbuzi anayecheza. Na jina langu! Namuria, Namuria. Mama wa Kapedo amenisomea zaburi, mimi, ya shukrani. Mzee Asekon amesema mizizi haikuhitajika, mikono ya Namuria imetosha. Lopeyok ameandika mbele ya watu wote: "Huyu ni mke wangu." Huyu ni mke wangu! Nimeisoma nikaisoma tena. Haya yote niliyataka tangu siku ya Chumvi. Nilikuwa nimeketi mlangoni natabasamu peke yangu, kama mtu aliyepewa soda ya bure.

Kisha saa sita Adhar akatuma sauti, kwa grupu zima. Yuko Kitale, shuleni. Nyuma wanasikika wasichana. Anasema hivi — nimeirudia ili niiandike sawasawa:

"Ndugu zangu wa Nyau. Mimi nimelala nikifikiri. Baba yangu alikuwa na neno moja nyumbani kwake. Ng'ombe yako ikianguka, na mtu mwingine akakaa nayo, akaipa maji mpaka isimame, hiyo ng'ombe haijui njia ya kwako tena. Ni ya yule alikaa nayo. Baba alitoa dume mbili namna hiyo, na hakununa. Sasa mimi pia sina kununa. Hata ile siku ya sherehe Majok alichagua, sisi wote tuliona. Dada Namuria, Majok ni yako. Mimi nampa wewe mbele ya watu."

Nilisimama. Nikaketi tena.

Na grupu? Grupu limelipuka. "Huyo Adhar ni mtu!" "Moyo gani huo!" Mzee Asekon analia waziwazi kwenye sauti yake, anasema wanawake wa namna hii aliwaona zamani tu. Apua ameandika kwamba mwaka ujao sherehe ni Kakuma, awe na pasi asiwe na pasi, sisi ndio tutakwenda. Lopeyok: "Mungu ambariki Adhar." Kijana wa Kapedo — mioyo mpaka simu ikakwama.

Hata hapa amenishinda! Amenipa paka, na sifa zimekwenda kwake. Jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa hilo. Si aibu. Hilo. Aibu ilikuja nyuma, polepole, na sasa imekaa.

Wanasema: Namuria, sema neno. Namuria, toa shukrani. Ekuru naye yumo, naona ameisikiliza sauti. Hajaandika kitu.

Nimeandika: "Majok hakuwa mgonjwa." Maneno matatu tu. Nikafuta. Nimeandika: "Asante sana Adhar." Nikafuta. Nimerudia lile la kwanza, liko hapo, sijalituma. Nikilituma, basi Adhar atakuwa mtu mwema kuliko wote, nami nitakuwa — sijui wataniita nini. Watatafuta jina.

Saa tisa. Adhar ameniandikia pembeni, mimi peke yangu:

"Dada, niko na Achan, msichana yangu. Hii paka ni yeye aliokota, wakati wa mvua, akaleta ndani ya sweta ya shule. Mimi nilikataa, yeye akalia mpaka nikakubali. Sasa nimemwambia mambo ya dume za babu yake. Amenuna kidogo, lakini amesema sawa. Anataka kumuaga tu. Mwalimu amempa nafasi kidogo. Napiga vidio sasa hivi."

Simu inaita.

Majok yuko mapajani, mzito, amelala. Kalamu mkono huu, simu mkono ule. Haijapokelewa bado, lakini kamera imeshawaka yenyewe: naona uso wangu mwenyewe, na chini ya kidevu changu masikio yake mawili. Jina la Adhar limeandikwa juu yetu.

Imekatika.

Inaita tena.